Karatasi mbili, jicho moja: historia ya namba za miwani mpaka Kabondo

KABONDO, Kisangani – Tuseme ni mama mshonaji wa komine ya Kabondo, mwenye umri wa miaka 46. Mashini yake iko barazani, vikwembe vya wateja vimejaa mezani, lakini uzi hauingii tena katika tundu la sindano bila kumwita mtoto wa jirani. Mwaka jana alipanda toleka mpaka Makiso, mganga wa macho akampima na kumwandikia karatasi. Kwa jicho la kuume karatasi inasema hivi: OD +2,00 (−1,00 à 90°). Hakuwa na pesa ya kutengenezesha miwani, akaificha karatasi ndani ya daftari ya wateja. Mwaka huu alimsindikiza dada yake Kampala kwa matibabu, naye akapata nafasi ya kupimwa huko. Akarudi na karatasi nyingine: RE +1.00 +1.00 x 180.

Akaziweka zote mbili mbele ya muuza miwani. Muuzaji akamwambia jicho limepona nusu, maana 2 imekuwa 1. Jirani akasema kati ya waganga hao wawili mmoja ni mwongo. Wote wamekosea. Karatasi zile mbili zinaagiza kioo kimoja, kilekile, bila tofauti yoyote.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini namba zake ni namba halali, na mkanganyiko wa aina hii unaweza kumpata yeyote katika muji kama Kisangani, ambako masomo ni ya Kifaransa na njia ya biashara na matibabu inaelekea mashariki, kwa majirani wanaoandika Kiingereza. Ili kuelewa kwa nini kioo kimoja kina maandiko mawili, na hata matatu, ni lazima kurudi nyuma sana.

Miwani ya kwanza ilitokea Italia, upande wa Pisa, karibu na mwaka 1286. Habari hiyo imetufikia kupitia mtawa Giordano wa Pisa, aliyehubiri Florence mwaka 1306 na kueleza kwamba ufundi huo ulikuwa haujatimiza miaka ishirini. Siku hizo hakuna mtu aliyeandika namba. Mteja alitaja umri wake, basi. Mwaka 1462 mtawala wa Milano, Francesco Sforza, aliagiza miwani dazeni tatu kutoka Florence. Miaka minne baadaye mwanawe Galeazzo Maria aliagiza jozi 200, zikiwa zimepangwa kwa umri, kila miaka mitano hatua moja, tangu miaka 30 mpaka 70.

Mkaaji wa Kisangani akisoma hayo atatabasamu, kwa sababu biashara ya namna hiyo anaijua. Kwenye meza za barabarani, kati ya chaja za simu na saa za mkono, miwani ya kusomea bado inauzwa hivyo: una miaka mingapi, mama? Jaribu hii. Haioni? Jaribu hii nyingine. Wala si upuuzi mtupu. Ndani ya jicho kuna lenzi ndogo inayojikunja ili tuone karibu, na lenzi hiyo hukauka kidogokidogo kwa kila binadamu, tajiri na maskini, kwa mwendo unaokaribiana. Ndiyo maana umri unaweza kukisia namba. Makisio hayo huvunjika pale jicho linapokuwa na kasoro nyingine juu ya ile ya umri, au jicho la kuume linapokuwa tofauti na la kushoto. Hapo meza ya barabarani haina jibu, kama vile mafundi wa Florence hawakuwa nalo.

Mwaka 1623, kule Sevilla nchini Hispania, Benito Daza de Valdés alitoa kitabu juu ya matumizi ya miwani, na humo akapanga vioo kwa digrii za nguvu badala ya umri peke yake. Wazo lilikuwa zuri, ila mafundi wengi walifuata njia nyingine: walipima kwa inchi. Kioo kinachokusanya mwanga wa jua kuwa nukta moja kwa umbali wa inchi 20 kiliitwa namba 20. Watoto wetu wanaochoma majani makavu kwa kioo cha kukuza wanafanya kipimo hichohicho bila kujua: umbali kati ya kioo na nukta ya moto ndio nguvu ya kioo.

Matatizo ya inchi yalikuwa mawili. La kwanza, namba ilikwenda kinyume: kioo chenye nguvu zaidi kilikuwa na namba ndogo zaidi, kwa hiyo namba 10 ilikuwa na nguvu mara mbili ya namba 20. Ukitaka kujumlisha vioo viwili, ilibidi kujumlisha mafungu, moja juu ya ishirini na moja juu ya thelathini, kazi ya kumtoa jasho hata mwalimu wa hesabu. La pili lilikuwa baya zaidi. Inchi ya Paris ilikuwa na milimita 27 na kitu, ya Uingereza milimita 25 na nusu hivi, ya Prussia na ya Vienna zilikuwa katikati, kila moja na urefu wake. Kioo namba 20 cha Paris kilikusanya mwanga kwenye sentimita 54, cha London kwenye sentimita 51. Mgonjwa aliyevuka mpaka na karatasi yake alipewa kioo kingine chini ya namba ileile. Mama wetu wa Kabondo ana karatasi mbili zisizofanana kwa kioo kimoja. Msafiri wa miaka ya 1850 alikuwa na karatasi moja kwa vioo viwili. Kati ya mashaka hayo mawili, la zamani lilikuwa zito zaidi, kwa sababu halikuonekana.

Wakati huohuo, kasoro nyingine ya jicho ilikuwa imeanza kufahamika. Mwaka 1801 Mwingereza Thomas Young alieleza kwamba jicho lake mwenyewe halikusanyi mwanga sawasawa pande zote. Mwaka 1825 mtaalamu wa nyota, George Biddell Airy, alipata tatizo kama hilo katika jicho lake la kushoto, akachora kioo cha kulirekebisha, na fundi mmoja wa muji wa Ipswich akakitengeneza. Kioo hicho kilikuwa na mkunjo wa silinda.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ndipo karatasi ya miwani ilipoongezeka namba mbili. Jicho la kawaida mbele yake ni la mviringo kama mpira. Jicho lenye kasoro ya Airy, ambayo waganga huiita astigimati, ni kama mpira uliokaliwa: upande mmoja umekunjika zaidi kuliko mwingine. Chukua chupa nyeupe iliyojaa maji, isimamishe mbele ya gazeti. Herufi zinapanuka kwa upana, lakini urefu wake haubadiliki. Ilaze chupa, na sasa zinarefuka bila kupanuka. Chupa hiyo ni silinda. Ina nguvu upande mmoja tu, na kando ya mhimili wake haina nguvu kabisa. Kwa hiyo, ukitaka kumwandikia fundi silinda, lazima umwambie mambo mawili: nguvu yake ni kiasi gani, na imesimama au imelala vipi. Ndiyo sababu mama mshonaji ana namba tatu kwa jicho moja. Ya kwanza ni sferi, nguvu iliyo sawa pande zote. Ya pili ni silinda. Ya tatu, yenye alama ndogo ya digrii, ni mhimili, unaoitwa aksi.

Muji wa Utrecht nchini Uholanzi ndio uliokusanya maarifa hayo yote. Herman Snellen alitoa ubao wake wa herufi mwaka 1862, na Franciscus Donders akatoa mwaka 1864 kitabu kikubwa kilichowafundisha waganga wa dunia nzima kupima macho na kuyatenganisha makosa yake. Lakini Donders bado aliandika kwa inchi. Aliyeleta dawa ya inchi ni Mfaransa Ferdinand Monoyer. Mwaka 1872, katika Annales d'Oculistique, jarida lililoanzishwa mwaka 1838 na Mbelgiji Florent Cunier, Monoyer alipendekeza kipimo kipya chenye msingi wa mita, akakiita dioptri. Kioo kinachokusanya mwanga kwenye mita 1 ni dioptri 1. Kwenye nusu mita, dioptri 2. Kwenye sentimita 25, dioptri 4. Namba inakua pamoja na nguvu, na vioo viwili vikipandana unajumlisha tu kama franga mfukoni. Mwaka 1875 kongamano la kimataifa la tiba lililokutana Bruxelles likakubali mfumo huo, na inchi zikaanza kufa.

Tarehe hizo zina maana kwetu. Kituo cha Stanley Falls, ambacho kilikuwa Stanleyville na tangu 1966 ni Kisangani, kilifunguliwa mwaka 1883, miaka minane baada ya kongamano la Bruxelles. Waganga waliotoka Ubelgiji kuja Kongo baada ya hapo walitoka katika nchi ambamo dioptri ilikuwa imekwisha kupokelewa. Desturi ya Kifaransa waliyoiacha ndiyo inayofundishwa mpaka leo, katika Chuo Kikuu cha Kisangani kilichoanza mwaka 1963, na huko Kinshasa pia, ambako Hospitali Saint-Joseph ya Limete hufunza waganga wa macho.

Lakini hata upande huu wa mto Kiingereza cha tiba si kigeni. Yakusu, chini kidogo ya Kisangani kando ya mto, ilikuwa misheni ya Waingereza wa kanisa la Baptisti. Mganga Clement Chesterman alifika huko mwaka 1920 kupambana na malale, na Yakusu ikawa kati ya mahali pa kwanza Afrika kujaribu dawa ya tryparsamide. Dawa hiyo iliokoa wengi, lakini ilikuwa na hatari ya kuharibu mshipa wa jicho na kuleta upofu, kwa hiyo mgonjwa wa malale alikuwa mtu wa kuangaliwa macho pia. Na tukumbuke njia ya zamani zaidi: Kiswahili chenyewe kilifika hapa kutoka mashariki na watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls. Njia ileile ya mashariki ndiyo inayotuletea leo karatasi za Kampala na Nairobi.

Basi, dioptri ni moja, dunia nzima. Mbona karatasi bado hazifanani? Kwa sababu Bruxelles ilikubaliana juu ya kipimo, si juu ya namna ya kuandika.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hulichanganya na namba ya miwani, nalo si namba ya miwani hata kidogo. Mganga wa desturi ya Kifaransa huandika 10/10 kwa jicho linaloona vizuri kwa mbali. Huyo ni Monoyer tena: ubao wake una mistari kumi, na kila mstari ni sehemu moja ya kumi. (Alipenda pia mchezo, maana jina lake mwenyewe limefichwa katika herufi za ubao huo, kwenye kingo zake mbili.) Mwingereza na wanafunzi wake wa Afrika ya Mashariki huandika 6/6, kwa sababu mgonjwa anasimama mita 6. Mmarekani huandika 20/20, maana mita 6 ni karibu futi 20. Zote tatu ni kitu kimoja. Mtu aliyezoea alama za shule akiona 6/6 anadhani amepata sita tu, na akiona 6/60 anadhani ni namba kubwa sana. Hapana. 6/60 ni 1/10: anachokiona mtu mwingine kwa mita 60, huyu lazima asogee mpaka mita 6. 6/12 ni 5/10. Hakuna fundi anayeweza kukata kioo kwa namba hizo. Zinasema tu jicho linaona kiasi gani.

Halafu kuna herufi. OD ni Kilatini, oculus dexter, jicho la kuume, na kwa bahati nzuri Kifaransa œil droit nacho ni OD. Jicho la kushoto kwa Kifaransa ni OG, kwa Kilatini ni OS, kwa Kiingereza LE au L tu. Sasa angalia mtego huu. Kwenye karatasi ya Kiingereza, L ni kushoto. Kwenye karatasi ya Kifaransa, VL ni kuona mbali, na mwandishi mwenye haraka huacha L peke yake. Herufi D nayo: kwa Mfaransa ni kuume, kwa Mwingereza inaweza kuwa mbali, na kwa wote wawili inaweza kuwa kifupi cha dioptri. Fundi anayejua lugha moja tu anaweza kuweka kioo cha mbali kwenye jicho la kushoto na kulala usingizi mzuri.

Mkato na nukta ni jambo dogo: 1,50 na 1.50 ni sawa. Hatari ni pale mkato unapopotea kabisa, kalamu ikiwa mbovu au karatasi ikiwa imelowa, na 1,25 ikabaki 125. Fundi mzoefu ataelewa, kwa sababu namba za miwani huenda kwa hatua za robo, na dioptri 125 haipo. Lakini 0,75 iliyopoteza mkato na sifuri yake ya mbele inasomeka 75, na hapo mtu anaweza kudhani ni aksi.

Aksi yenyewe ina historia ya ugomvi. Kila mtu alikubali kwamba duara hupimwa kwa digrii, lakini uanzie wapi? Wengine walianzia upande wa pua kwa kila jicho, hivyo macho mawili yakahesabiwa kinyume, kama mtu na kivuli chake kiooni. Mwaka 1917 kamati ya ufundi wa miwani nchini Ujerumani, iliyojulikana kwa kifupi TABO, ilipanga utaratibu ambao sasa umeenea: mpimaji anamtazama mgonjwa, anaanza upande wa mkono wake mwenyewe wa kuume, anapanda juu na kuzunguka kuelekea mkono wake wa kushoto, mpaka 180. Ni hivyohivyo kwa macho yote mawili. Silinda iliyosimama wima kama chupa mezani ni 90. Iliyolala ni 180, sifuri haiandikwi.

Wafaransa huweka alama ya digrii juu ya namba ya aksi, Waingereza wengi huiacha kwa makusudi. Sababu yao inaeleweka: alama hiyo ikiandikwa kwa haraka ni sifuri ndogo, na 10° inakuwa 100. Kwa silinda yenye nguvu kubwa, kosa hilo linatosha kuharibu kazi yote. Hapa, kusema kweli, Waingereza wana haki, na mganga anayeandika kwa mkono angefanya vema kuiga.

Mpangilio nao hutofautiana. Mwingereza huanza na sferi, kisha silinda, kisha aksi: +2.00 / −1.00 x 90. Karatasi nyingi za Kifaransa siku hizi hufanya vilevile, ila silinda na aksi zinawekwa ndani ya mabano. Lakini desturi ya zamani ya Kifaransa, ambayo bado ina wafuasi, huanza na mabano: (90° −1,00) +2,00. Ni jicho lilelile la mama mshonaji. Mtu anayesoma namba ya kwanza tu, akidhani ndiyo sferi, atakuta 90 na kuduwaa, au ataruka mpaka −1,00 na kumpa mama kioo cha mtu asiyeona mbali.

Tunafika sasa kwenye fundo lenyewe, lile lililomfanya jirani aseme mganga mmoja ni mwongo. Silinda inaweza kuandikwa kwa alama ya kutoa au ya kujumlisha. Fikiria udongo wa mtungi. Mfinyanzi anaweza kuanza na donge kubwa na kupunguza upande mmoja, au kuanza na donge dogo na kuongeza upande mwingine. Mtungi utatoka uleule. Mganga wa Makiso alianza na +2,00 pande zote, akapunguza 1,00 kwa upana. Mwenzake wa Kampala alianza na +1,00 pande zote, akaongeza 1,00 kwa urefu. Mwishoni jicho lina +2,00 kwenda juu na +1,00 kwenda kando, kwa wote wawili. Desturi hizi mbili zinatokana na vifaa ambavyo kila mmoja alijifunzia: sanduku la vioo vya majaribio la huyu lina silinda za kutoa, la yule lina za kujumlisha. Hata Marekani, nchi moja yenye lugha moja, wapimaji wa miwani huelekea kuandika kwa kutoa na madaktari wengi wa macho wamezoea kujumlisha.

Kugeuza andiko moja kuwa jingine ni hesabu ya shule ya msingi. Jumlisha sferi na silinda, upate sferi mpya: +2,00 na −1,00 ni +1,00. Acha silinda na kiasi chake, geuza alama yake: −1,00 inakuwa +1,00. Zungusha aksi kwa 90: kama ni 90 au chini yake, ongeza 90, kama imepita 90, toa 90. Hapa 90 inakuwa 180. Imekwisha: +1,00 (+1,00 à 180°), karatasi ya Kampala.

Hatua zote tatu, au usifanye hata moja. Hapo ndipo madhara yanapoingia. Fundi akiacha sferi +2,00 lakini akachukua silinda na aksi za Kampala, kioo kitazidi dioptri 1 nzima pande zote, na mama ataona barabara kama imefunikwa na moshi. Akigeuza sferi na alama lakini akasahau aksi, ni vibaya zaidi: kioo kinaongeza nguvu pale palipohitaji kupunguzwa, na kasoro ya dioptri 1 inakuwa ya dioptri 2. Mama ataumwa kichwa, ataambiwa avumilie wiki mbili atazoea, na baada ya mwezi miwani itakuwa kabatini. Atakuwa amelipa pesa ya kikwembe kizuri ili asione.

Kuna kosa moja jingine ambalo halihitaji karatasi mbili. Mama ana miaka 46, kwa hiyo chini ya karatasi kuna mstari mfupi: Add +1,50. Hilo ni neno la kuongeza, si namba ya miwani. Nguvu hiyo inapanda juu ya sferi ya mbali, kwa hiyo kioo chake cha karibu ni +3,50 (−1,00 à 90°). Muuzaji wa mezani akiona +1,50 pekee ndiyo anayoweza kuisoma, atamchagulia miwani iliyobandikwa +1.50, na uzi utaendelea kukwepa tundu la sindano.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 duniani hawaoni vizuri karibu kwa sababu ya umri na hawana miwani ya kuwasaidia. Kwa wengi wao miwani ya mezani ni msaada wa kweli, na hakuna haja ya kuidharau. Mwenye macho mawili yaliyo sawa, asiye na silinda, anaweza kununua +2.00 njiani na kusoma barua yake jioni ileile. Lakini mwenye karatasi yenye mabano hayumo katika kundi hilo.

Kabla ya kutoka kwa mganga, mgonjwa anaweza kuomba mambo machache bila kuona haya: alama + au − iandikwe mbele ya kila namba, hata pale mganga anapodhani inaeleweka, mkato uonekane, neno plan liandikwe kama sferi ni sufuri, badala ya kuacha nafasi tupu, tarehe iwepo. Na karatasi ibaki mikononi mwake, au angalau aipige picha kwa simu kabla ya kumwachia fundi. Kitu kimoja mara nyingi hakimo kwenye karatasi ya Kifaransa, kwa sababu kimeachwa kwa fundi: umbali kati ya mboni mbili, EP kwa Kifaransa, PD kwa Kiingereza. Bila huo, hata kioo sahihi hukaa mahali pasipo pake mbele ya jicho.

Mama mshonaji alimpata hatimaye fundi aliyejua hesabu ile ya hatua tatu. Fundi aliweka karatasi mbili sambamba, akaandika kwa kalamu chini ya ile ya Kampala namba za Makiso, akazilinganisha jicho kwa jicho, ya kuume kisha ya kushoto. Halafu akachukua rula ndogo, akamwambia mama amtazame usoni bila kucheka, akapima. Nyuma ya karatasi akaongeza: EP 62.